Shajara ya mradi: Honda CR-V RE4 ya 2008, mafuta na mipira kabla ya vyuma

Gari ni Honda CR-V kizazi cha tatu, namba ya bodi RE4, ya mwaka 2008, lililoingizwa Dar es Salaam kutoka Japani. Injini ni K24A ya lita 2.4, gia otomatiki ya hatua tano, na magurudumu ya nyuma yanayoingia kazini yenyewe pale ya mbele yanapoteleza. Odomita inasoma kilomita 146,000. Ni gari la familia: shule, soko, na safari za mikoani mwisho wa mwaka.

Malalamiko yalikuwa haya: difu ya nyuma (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) inaguna kwenye kona kali, usukani unalia asubuhi, gia ya pili kwenda ya tatu inagonga, gari linatikisika likiwa sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), usukani unatetemeka ukifika kilomita 90 kwa saa, kuna mlio wa chuma kugonga mbele ukikanyaga breki, na betri inakutwa imekufa baadhi ya asubuhi. Makadirio ya kwanza ya gereji yalikuwa difu ya mtumba, pampu ya usukani na oltaneta (jenereta inayochaji betri): shilingi 1,900,000 bila ufundi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichonunuliwa. Sababu zimeandikwa hapa chini hatua kwa hatua, pamoja na yale yaliyojaribiwa yakakataa.

13 Januari 2024: Ukaguzi kabla ya kununua chochote

Kisomaji cha kodi (namba za hitilafu zinazotunzwa na kompyuta ya gari) cha bei ndogo kinachounganishwa na simu kilitoa kodi moja iliyohifadhiwa, P2646. Kodi hii inahusu presha ya oili inayoendesha VTEC, mfumo wa Honda wa kubadilisha ufunguaji wa vali za injini, na wengi hukimbilia kununua solenoidi (vali inayoendeshwa na umeme). Anza na kijiti cha oili. Kwenye gari hili oili ilikuwa chini kabisa ya alama ya mwisho, na gasketi ya solenoidi ya VTEC ilikuwa ikivuja na kushuka kuelekea kwenye oltaneta. Gasketi hiyo imebeba kichujio kidogo cha waya ndani yake, hivyo ukiibadilisha umebadilisha na kichujio. Oili mpya 5W-30, lita 4.2 pamoja na filta, bolti ya chini ikakazwa Nm 40 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa washa mpya. Kodi ikafutwa na haikurudi.

Angalizo kwa wanaopeleka gari hili kumwaga oili mtaani: chini yake kuna bolti mbili zinazochanganywa kila siku. Ya injini ina kichwa cha spana namba 17. Ya gia boksi ina tundu la mraba linaloingia racheti ya inchi 3/8 moja kwa moja. Fundi akifungua ya gia boksi kisha akajaza injini, unaondoka na injini iliyojazwa kupita kiasi na gia boksi iliyopungukiwa, na utaligundua hilo njiani.

Sauti za chini zilitenganishwa hivi. Injini ikishapata moto, gari lizungushwe polepole uwanjani, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kushoto kisha kulia. Mlio wa "tak-tak-tak" unaofuata mzunguko wa tairi ni jointi ya ekseli. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyokua, hata barabara ikiwa imenyooka, ni beringi au tairi zilizoliwa vibaya. Mguno mzito wa kushika na kuachia, unaosikika chini ya kiti cha nyuma na kuisha mara usukani unaponyooka, ni difu. Hapa ulikuwa wa tatu.

20 Januari 2024: Difu ya nyuma, raundi ya kwanza

Difu ya gari hili si ya kawaida, na ndiyo maana inaharibiwa na watu wenye nia njema. Ndani yake kuna pampu mbili za mafuta. Moja inazungushwa na shafti inayotoka mbele, nyingine inazungushwa na magurudumu ya nyuma. Mizunguko ikilingana, mafuta yanahama kutoka pampu moja kwenda nyingine bila presha. Magurudumu ya mbele yakiwahi, pampu yake inazidi, presha inapanda na kubana sahani za klachi, nguvu inakwenda nyuma. Kwenye kona kali magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo klachi inaguswa kidogo kila mara. Mafuta yakiwa mazuri, sahani zinateleza taratibu. Yakichoka, au yakiwa ya aina nyingine, zinashika na kuachia, na huo ndio mguno.

Mafuta yake ni Dual Pump Fluid II, na kopo la Kijapani limeandikwa DPSF. Usiweke oili nzito ya difu, 80W-90, hata muuzaji akikuapia. Kariakoo upande wa Gerezani maduka mengi yameelekea kwenye Toyota, kwa hiyo mafuta haya yaliagizwa: lita 3, kila moja 48,000.

Utaratibu: gari likae sawa juu ya stendi nne, si jeki. Fungua bolti ya kujazia kwanza. Ukimwaga kisha ukakuta ya juu imeganda, huna gari mpaka uitoe. Zote mbili ni za tundu la mraba la 3/8. Zikikataa, tumia mkono mrefu na msukumo mmoja imara, kwa sababu kuchezacheza huviringisha kona za tundu.

Kilichotoka kilikuwa kizito, cheusi, chenye harufu ya kiberiti. Hiyo ni harufu ya oili ya gia. Mtu alishawahi "kuhudumia" difu hii kwa 80W-90. Ikajazwa DPSF mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, bolti zikakazwa Nm 47 kwa washa mpya za alumini. Washa za juu na chini si saizi moja, kwa hiyo nenda dukani na za zamani mkononi.

Baada ya hapo gari lilizungushwa uwanjani kwa namba nane kubwa, usukani hadi mwisho pande zote, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Bila zoezi hili mafuta mapya hayaingii katikati ya sahani. Mguno ulipungua sana, ila haukuisha.

3 Februari 2024: Difu, raundi ya pili

Hesabu inaeleza kwa nini raundi moja haikutosha. Difu ina takriban lita 1.2 ikiwa kavu kabisa, lakini ukifungua bolti inatoka lita 1.0. Moja ya sita ya uchafu inabaki ndani. Difu iliyochoka tu kwa umri huvumilia hiyo sehemu ya sita. Iliyowekewa oili ya gia haivumilii, kwa sababu oili hiyo imekwisha kunywewa na sahani. Ukimwaga mara ya pili unabaki na kama asilimia 3.

Raundi hii yalitoka mafuta ya rangi ya chai ya rangi, bado na harufu kwa mbali. Baada ya kujaza na kuzunguka tena, mguno umekwisha kabisa, baridi na moto. Lita iliyobaki imehifadhiwa kwa ajili ya raundi ya kawaida. Kwa joto na foleni za Dar, kila kilomita 30,000 ni busara.

Kama baada ya raundi mbili bado inaguna, fungua ya tatu kabla ya kuwaza difu ya mtumba. Ya mtumba huja na mafuta yake ya zamani, na mtu huyohuyo atakuja kukwambia nayo imekufa.

10 Februari 2024 na wiki zilizofuata: Gia boksi

Mafuta ya asili ya gia hii yalikuwa ATF (mafuta ya gia otomatiki) aina ya Z1, na Honda ilikwisha yabadilisha kwa DW-1, ambayo yanaruhusiwa kuchanganyika na yale ya zamani. Ukifungua bolti inatoka takriban lita 2.5, wakati boksi zima lina kama lita 7. Kwa hiyo kila ukimwaga unabadilisha zaidi kidogo ya theluthi moja. Mara tatu zinakupa karibu asilimia 73 ya mafuta mapya, mara nne asilimia 83. Zilifanyika nne, lita 10, na kati ya kila moja gari likaendeshwa siku kadhaa na kupitishwa kwenye gia zote, hata rivasi.

Kuna wanaosukuma mafuta yote kwa mashine siku moja. Msimamo wa shajara hii ni kwamba boksi ambalo historia yake haijulikani lisisukumwe kwa presha, kwa sababu uchafu uliotulia unaweza kuhamia kwenye vali za solenoidi. Kumwaga kwa hatua ni kwa taabu zaidi lakini hakuna kinachohamishwa kwa nguvu.

Bolti ya kumwagia ina sumaku. Uji wa kijivu laini kama rojo ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa vidole ni habari nyingine, na hapo mafuta mapya hayatakusaidia. Hapa ulikuwa uji tu. Bolti Nm 49, washa mpya.

Kinachokosewa zaidi ni kupima. Kwenye Honda hii gia haipimwi injini ikiwa inaunguruma. Pasha injini mpaka feni za rejeta ziwake na kuzima mara mbili, paki mahali tambarare, zima, kisha chomoa kijiti kati ya sekunde 60 na 90. Ukipima mapema utasoma pungufu na kuongeza kisichotakiwa, na ukizidisha mafuta yanatoa povu.

Mgongano wa gia ya pili kwenda ya tatu ulipungua baada ya mara ya pili na kwisha baada ya ya tatu. Ungebaki, hatua iliyofuata ilikuwa swichi za presha za klachi zilizoko nje ya boksi, ambazo zinabadilishwa bila kulishusha.

24 Februari 2024: Usukani unaolia

Jaribio la kwanza lilikuwa kubadilisha mafuta ya usukani peke yake. Kelele ilipungua, kisha ikarudi, na kwenye kopo mafuta yalikuwa na povu. Povu ni hewa, na hewa kama inaingia bila mafuta kumwagika chini, inaingia upande wa kuvuta. Pale bomba la kuvuta linapoingia kwenye pampu kuna oringi (pete ya mpira) ndogo ambayo kwa umri hukauka na kuwa ngumu kama plastiki. Bolti mbili za namba 10, oringi mpya (namba ya kipuri 91345-RDA-A01), imepakwa mafuta kabla ya kuwekwa, basi.

Kutoa hewa: inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mpaka mapovu yaishe, ongeza mafuta, ndipo uwashe. Mafuta ni PSF ya Honda, yaani mafuta maalumu ya usukani. ATF iwe ya dharura ya njiani tu. Gharama yote 44,000, na pampu iliyotakiwa kubadilishwa ipo kimya.

9 Machi 2024: Mtetemo wa kilomita 90, na nati zisizo zake

Hili ndilo lililopoteza pesa bila faida. Gari lilifanyiwa balansi na alaimenti, 60,000, na mtetemo ukabaki palepale kati ya 85 na 105. Diski za mbele zilipimwa kwa geji ya saa na zilikuwa zimenyooka. Tairi ziligeuzwa za mbele nyuma, mtetemo ukahama kidogo lakini haukuisha.

Jibu lilikuwa kwenye nati. Rimu za asili za Honda zimechongwa kikalio cha duara, kama sehemu ya mpira, na nati zake zina uso wa duara uleule. Nati nyingi za kununua barabarani zina uso wa koni. Uzi ni uleule, M12 kwa 1.5, Honda kwa Toyota, hivyo nati inaingia vizuri, inakaza vizuri, na kila mtu anaridhika. Lakini koni ndani ya kikalio cha duara inagusa mstari mwembamba tu. Rimu haiketi katikati, na kibaya zaidi, nati zinaweza kulegea zenyewe. Kati ya nati 20 za gari hili, 13 zilikuwa za koni.

Kagua ya kwako hivi: toa nati moja kila tairi, itazame uso. Ukiona alama ya mng'aro nyembamba kama uzi, haiketi. Alama sahihi ni pana. Nati 20 za duara zilinunuliwa kwa 80,000 na kukazwa kwa mtindo wa nyota, Nm 108, gari likiwa limegusa chini. Ukitumia rimu zisizo za asili, kanuni inageuka: nyingi zinataka koni, na tundu la katikati likiwa kubwa kuliko milimita 64.1 ya habu ya Honda, zinahitaji ringi za kujazia.

Jaribio lilifanyika barabara ya Morogoro, kupita Kibaha kuelekea Chalinze. Usukani umetulia.

23 Machi 2024: Bushi za mkono wa mbele

Mlio wa kugonga ukikanyaga breki ulitoka kwenye bushi (kiungo cha mpira na chuma) kubwa ya nyuma ya mkono wa chini, pande zote. Uthibitisho ni nondo: ingiza kati ya mkono na fremu, sukuma, tazama mpira. Ufa wa juujuu si kitu. Ufa unaofunguka mpaka ukaona mwanga ni kifo chake. Pea ya bushi 76,000, presi 30,000, alaimenti 40,000 baada ya kufunga, kwa sababu hii ni lazima na ile ya tarehe 9 haikuwa.

Mambo mawili huwaua bushi mpya. Kwanza, hii ina upande wake. Kabla ya kutoa ya zamani, piga mstari wa rangi kwenye mkono unaoonyesha mishale au mapengo ya mpira yalivyoelekea. La pili limeandikwa chini, tarehe 18 Mei.

13 Aprili 2024: Betri, na oltaneta isiyo na hatia

Fundi umeme alipima chaji injini ikiwa sailensi, akapata volti 12.6, akatangaza oltaneta imekufa. Kwenye gari hili kipimo hicho hakithibitishi chochote. Kuna kifaa kinachosoma umeme unaotumika, na mzigo ukiwa mdogo kompyuta inaishusha oltaneta makusudi hadi volti 12 na pointi ili kupunguza mzigo wa injini. Pima ukiwa umewasha taa kubwa, AC na feni ya ndani. Ilipopimwa hivyo ikasoma 14.3. Nzima.

Basi umeme unakwenda wapi usiku? Ampimita iliunganishwa kati ya nguzo hasi na waya wake, milango ikafungwa, ikasubiriwa kama nusu saa kompyuta zilale. Gari zima linatakiwa kunywa chini ya miliampia 50. Usiku wa kwanza ilikuwa sawa. Tatizo la kuja na kuondoka linataka uvumilivu. Mara nyingine, gari likiwa limetoka kwenye foleni AC ikiwa imewaka, kipimo kikabaki zaidi ya ampia 3. Hiyo ni klachi ya kompresa ya AC ikiwa imeshikwa na umeme gari limezimwa. Rilei yake (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) ilikuwa imegandia ndani, na ukiigusa ni ya moto. Ukiigonga kidogo inaachia, na ushahidi unapotea, ndiyo maana mafundi hawaikuti.

Rilei mpya 15,000. Kama huna ampimita: gari likiwa limezimwa, badilishana rilei ya AC na nyingine ya aina ileile kwenye boksi lilelile la fyuzi, kisha tazama kama shida inahama.

Kwa kuwa mvua za mwezi huu zilijaza barabara nyingi maji, difu ilifunguliwa bolti ya juu tu na kutumbukizwa kidole. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia na yamwagwe siku hiyohiyo. Yalikuwa safi.

27 Aprili 2024: Sailensi, throtoli na vali

Throtoli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ilikuwa na masizi meusi pembeni mwa kipepeo. Ikatolewa, ikasafishwa kwa dawa na kitambaa. Kipepeo cha umeme kisisukumwe kwa kidole swichi ikiwa ON. Ikarudishwa, na gari likawa baya zaidi: mizunguko 1,500 kwa dakika, ikipanda na kushuka. Hii huwatisha wengi wakarudi kununua throtoli. Kompyuta ilikwisha zoea masizi, sasa hewa imezidi na haijafundishwa upya.

Kuifundisha: zima kila kitu cha umeme, AC, taa, redio. Futa kumbukumbu kwa kisomaji. Swichi ON, subiri sekunde 2, washa. Shikilia mizunguko 3,000 bila gia mpaka feni ya rejeta iwake. Achia pedali ya mafuta, acha iungurume dakika 5 bila kugusa kitu, na muda ambao feni inazunguka usiuhesabu. Ikashuka hadi takriban 700 na kutulia.

Mtikisiko ulipungua nusu. Ndipo vali zikafunguliwa. K24 haina vidude vya kujirekebisha vyenyewe. Vali za ekzosi (za kutoa moshi) hubana kadiri kilomita zinavyosogea, na vali iliyobana haipigi kelele, kwa hiyo hakuna anayeitafuta. Injini iwe baridi, chini ya nyuzi 38, maana yake asubuhi kabla haijawashwa. Zungusha kranki (shafti kuu ya injini) kwa mwelekeo wa saa, fuata mpangilio 1-3-4-2. Za kuingiza ni milimita 0.21 hadi 0.25. Za ekzosi hutofautiana kati ya K24 na K24: zipo za 0.25 hadi 0.29 na za 0.28 hadi 0.32. Zilipangwa 0.28, ambayo inaingia kwenye vipimo vyote viwili. Zilizokutwa: ekzosi za silinda ya 2 na 3 zilikuwa 0.20, nyingine 0.22 hadi 0.24. Kaza nati za kufungia, na baada ya kukaza pima tena, kwa sababu nati ikikaza huvuta skrubu.

Kifuniko cha vali kilirudishwa na gasketi mpya na sili za mashimo ya plagi, tone la gundi ya gasketi kwenye pembe ambapo kava ya cheni inakutana na hedi, bolti Nm 12. Bila tone hilo itavuja kwenye pembe hizohizo.

Likiwa kwenye N sasa limetulia kabisa. Likiwa kwenye D na breki imekanyagwa bado kuna mtikisiko mdogo. Tofauti hiyo ya N na D inaonyesha maunti ya injini (mpira unaoishika kwenye bodi), si injini. Imeahirishwa.

18 Mei 2024: Breki za nyuma, na bushi iliyochanika

Pedi za nyuma, upande wa kushoto, ya ndani ilikuwa imebaki milimita 2 na ya nje 7. Pedi haziliki hivyo kwa bahati mbaya: pini ya kalipa (kifaa kinachobana pedi) ilikuwa imekauka. Pini zote zikasafishwa, zikapakwa grisi ya silikoni, si grisi ya beringi inayovimbisha mpira. Diski za Honda zimefungwa na skrubu mbili za nyota ambazo hukata kichwa ukizilazimisha. Bisibisi ya kugonga kwa nyundo, 28,000, inajilipa siku ya kwanza. Diski ikigoma kutoka, ina mashimo mawili ya uzi: ingiza bolti za M8, kaza kwa zamu, inajisukuma yenyewe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umepigwa muhuri kwenye diski, pima kabla ya kufunga pedi mpya.

Gari likiwa juu, bushi ya kulia ilionekana imechanika tena, mpya kabisa. Chanzo: bolti zake zilikazwa moja kwa moja mkono ukining'inia. Bushi hizi ni mpira ulioungana na chuma, hazizunguki. Ukikaza zikiwa zimening'inia kisha ukashusha gari, mpira unabaki umesokotwa muda wote, na kila shimo la barabara linauongezea. Sahihi ni kukaza kwa mkono tu, kushusha gari lisimame kwa uzito wake au kuinua mkono kwa jeki mpaka bodi iache stendi kidogo, ndipo kukaza mwisho. Bushi moja 38,000, presi 15,000. Ya kushoto ililegezwa na kukazwa upya kwa njia hiyo.

1 Juni 2024: Hesabu hadi sasa

Oili, filta na gasketi ya VTEC 145,000. Difu 152,000. Gia boksi, kwa makopo matatu ya lita 4, 298,000 pamoja na washa. Usukani 44,000. Nati pamoja na ile balansi na alaimenti isiyosaidia 140,000. Bushi, kwa kuhesabu na iliyochanika, 199,000. Rilei 15,000. Vali na throtoli 102,000. Breki 98,000. Jumla 1,193,000, bila ufundi isipokuwa presi, balansi na alaimenti.

Kinachosubiri ni maunti ya injini upande wa kulia, ambayo ina mafuta ndani na inauzwa ghali. Kabla ya kuinunua, itawekwa taa chini yake kutazama kama kuna alama ya mafuta yaliyotoka, na injini itainuliwa milimita chache kwa jeki yenye kipande cha ubao chini ya sampu (beseni la oili) ili kuona kama mpira umeachana na chuma. Kulanti (maji ya kupoza injini) nayo itamwagwa wakati huo: kwenye rejeta kuna maji ya bomba yenye rangi ya kutu, na mfumo huu unataka kulanti ya Honda Type 2.

Ratiba ya ukaguzi wa kati: oili ya injini kila kilomita 5,000, kijiti cha oili kila wiki mpaka gasketi ya VTEC ithibitike kavu, na nati zote za tairi kukazwa tena Nm 108 baada ya kilomita 100 za kila mara tairi inapotolewa.